Mto wa Turubai: Miaka Yangu ya Fizikia kati ya Wamaza na Nyangwe

Siku waliponiaga shuleni, Bwana Prefe, mkuu wetu wa shule, alisema katika hotuba yake kwamba mimi ni maktaba inayotembea. Mbuzi niliyepewa zawadi akalia palepale, watu wakacheka, nami nikahesabu ile kama kura moja ya kupinga. Baada ya wali na pondu, yaani kisamvu, walimu vijana walinizunguka wakaniomba niandike nilichokiona katika kazi hii. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilianza nikiwa mwalimu na nikamaliza nikiwa mwalimu mwenye mvi. Habari za mshahara nitaziruka pia, kama mshahara wenyewe ulivyozoea kuturuka sisi. Nitasema habari za kazi.

Mimi ni mtoto wa shule ya jioni. Mchana nilibeba magunia kwenye mashini ya kukoboa mpunga pale Kasongo, na jioni niliingia darasani mweupe kwa pumba kuanzia nywele hadi kope, mwalimu akawa ananiita Mzungu wa Mpunga. Tulisoma watu wazima watupu, baadhi yetu na wajukuu, chini ya taa moja ya mafuta iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga. Aliyekaa mbele aliona ubao, aliyekaa nyuma aliona imani. Mimi nilikaa nyuma, na diploma yangu hadi leo ukiinusa vizuri inanuka mafuta ya taa.

Kwa diploma hiyo nikatumwa Wamaza. Pikipiki ilinifikisha mahali ilipochoka, nikamalizia kwa miguu, na sanduku la chaki kichwani kama mtu anayebeba mayai ya mfalme. Siku ya kwanza niliuliza maabara iko wapi. Nikaonyeshwa kabati la mbao lenye kufuli kubwa kuliko kichwa changu. Ufunguo, wakaniambia, ulipotea zamani, lakini vyombo vyote vimo ndani, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Nilifundisha muhula mzima mbele ya kabati hilo kwa heshima zote. Nilikuwa nalinyooshea kidole na kusema, “Kipimo cha joto kimo humu,” na watoto wanaandika.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Sumaili, mzee mwembamba aliyefundisha fizikia kabla yangu. Alikuja siku moja na nyundo, akalivunja kufuli bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ndani mlikuwa na mchwa, na sumaku moja ambayo mchwa hawakuipenda. Mwalimu Sumaili hakucheka. Aliokota lile kufuli kubwa, akalifunga kwenye kamba, akalining'iniza kwenye boriti na kulisukuma. “Sasa uko na maabara,” akaniambia. “Hesabu linavyoenda na kurudi.” Kufuli lile likawa pendulo yangu miaka yote ya Wamaza, na lilifundisha watoto mengi likiwa wazi kuliko lilivyofundisha likiwa limefunga.

Kwake nilijifunza mambo ambayo hakuna semina iliyonipa. Geuza baiskeli miguu juu, utakuwa na somo la mwendo wa duara kwa wiki nzima, ila usitumie baiskeli ya pasta. Piga chaki kwa ubavu ukitaka mstari mnene. Mtoto akikosea, usimsahihishe kabla wenzake hawajabishana naye, kwa sababu kosa lililobishaniwa halirudi tena. Na jambo moja alilisema kila Ijumaa tukitoka: mtoto hataamini hesabu mpaka imfanyie kitu kwa macho yake. Nilipita Lusangi pia kwa muda, ambako darasa langu la wavulana lilikuwa linajaa au kuisha kufuatana na shimo gani la dhahabu limefunguka. Lakini nisipoteze njia. Nilihamia Nyangwe, kwa wajomba zangu, ukingoni mwa mto Lualaba, na hapo ndipo yalipotokea ninayotaka kuyaandika.

Kulikuja shirika. Nyinyi mnajua mashirika yanavyokuja: kwanza vumbi, halafu gari, halafu vijana waliovaa vitambulisho shingoni kama ng'ombe wa maonyesho. Walisema wanaleta njia mpya ya kufundisha hesabu na fizikia, yaani michezo ya kwenye ordinatere, ile ambayo watu wa redio wanaiita kompyuta. Kwenye kioo kuna dunia ndogo. Unaongeza uzito, kitu kinaanguka. Unapunguza msuguano, sanduku linateleza. Mtoto anagusa namba na dunia inamjibu. Wenyewe waliiita simulasio.

Tukaitwa Kasongo kwa mafunzo ya siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya kufungua mafunzo, ya tatu ya kuyafunga, na ile ya katikati umeme haukuja. Kijana aliyetufundisha alitueleza kwamba kuanzia sasa mwalimu si mwalimu tena, ni mwezeshaji. Mwenzangu mmoja wa Kabambare alinyoosha mkono, akauliza kama mwezeshaji naye anafuta ubao mwenyewe. Kijana alisema hilo ni swali zuri sana, na tukaenda kula.

Hata hivyo nilirudi Nyangwe na ordinatere moja, projekta moja ndogo, pano moja ya kukusanya umeme wa jua na batri moja kubwa nzito kama dhambi. Ile ordinatere ilikuwa imeshazeeka mikononi mwa watu wengine kabla ya kutufikia, batri yake ya ndani ilikuwa maiti, kwa hiyo bila ile batri kubwa haikuwaka hata kwa dua. Lakini siku tulipoiwasha na picha ikatokea ukutani, nawaambia kweli, hata mbuzi walisimama mlangoni.

Kazi ikaanza, na makosa nayo. Kulikuwa na simulasio ya chura anayeruka kwenye mstari wa namba. Watoto wa mwaka wa kwanza walimrusha upande wa namba hasi mpaka akatoka kwenye picha, halafu wakakaa kimya saa nzima wakimngoja arudi, mmoja wao akanong'ona kwamba labda kule hasi kuna mbu wengi. Kulikuwa na sanduku linaloteleza juu ya barafu. Swali la kwanza darasani halikuwa la msuguano, lilikuwa kwamba mwenye barafu yote ile anafanya nini kuiacha chini wakati watu wa soko la samaki wanaitafuta. Kulikuwa pia na mzinga unaorusha risasi hewani, uonyeshe mwendo wa kitu kilichotupwa. Huo sikuufungua. Huku kwetu mizinga haihitaji kuigizwa, na wenye kuikumbuka walikuwa wamekaa kwenye madawati. Tulirusha mananasi mabovu uwanjani, tukapata upinde uleule.

Kisha tukafungua mchezo wa mtumbwi. Kuna mto umechorwa, maji ya buluu yanashuka kutoka juu kwenda chini. Kuna mtumbwi upande huu na bendera upande wa pili, moja kwa moja mkabala. Unachagua mtumbwi uelekee wapi, unabonyeza, mtumbwi unaondoka, na maji yanausukuma. Ukifika kwenye bendera kabla saa haijaisha, umeshinda. Nikajisemea, hapa sasa wametuletea mchezo wetu. Watoto wa Nyangwe wanazaliwa na kafi mkononi. Wataumaliza kabla sijakaa.

Walishindwa wote. Darasa la mwisho la sehemu ya Hesabu na Fizikia, wanafunzi wachache walioenea kwenye benchi mbili, akili zangu zote za shule nzima, walishindwa mmoja baada ya mwingine. Wote walifanya vilevile. Walianza kwa kupandisha mtumbwi pembeni kabisa, ukingoni, kwenda juu, halafu ndipo wavuke na kujiachia maji yawashushe hadi kwenye bendera. Ndivyo anavyovuka kila mtu Nyangwe, kwa sababu pembeni mwa Lualaba maji ni mapole, mahali pengine hata yanarudi nyuma yenyewe. Lakini kwenye mto wa ordinatere pembeni kulikuwa na nguvu sawasawa na katikati. Walikuwa wanapiga kafi kupanda, saa inawaishia, kioo kinaandika kwa Kifaransa waanze tena. Mimi mwenyewe nilijaribu wakati wa mapumziko, mlango nimefunga. Kioo kiliniandikia hivyohivyo, bila kujali diploma.

Habari zikafika kwenye kamati ya wazazi. Mwenyekiti wake, Mzee Assani, ni mvushaji wa watu pale kivukoni, sauti yake inasikika ng'ambo kabla mtumbwi wake haujafika. Alikuwa na binti katika lile darasa la mwisho, Zaina. Alikuja ofisini kwa Prefe na mimi nikaitwa.

“Mwalimu,” akasema, “mutoto nilimutuma kusoma. Sasa nasikia anacheza mutumbwi. Mutumbwi iko kwangu nyumbani, tena iko inamungojea.”

Nilimwambia aje aone mwenyewe. Alikuja, akakaa mbele ya ordinatere, akaishika ile panya ya kuongozea kama mtu anayeshika samaki anayeuma. Alipandisha pembeni. Akashindwa. Akapandisha tena, akikisema kioo kwa Kibangubangu cha mama yake, maneno ambayo sitayaandika kwa sababu vijana wanasoma. Akashindwa tena, akasimama, akatangaza kwamba huu mto umelogwa na aliyeuchora hajawahi kuoga nje ya beseni.

Zaina alikuwa amesimama nyuma yake na daftari. Ni msichana asiye na haraka, mwenye tabia ya kuuma mwisho wa kalamu mpaka inakuwa brashi. Akamwambia baba yake kwa upole, “Baba, huu si Lualaba. Huu muto hauna kando. Maji iko sawa kila mahali, basi ukipanda pembeni unachoka bure.” Akachora mshale wa maji, akachora mshale wa kafi, akaulaza ule wa kafi kuelekea juu kiasi kwamba mishale miwili ikijumlishwa ibaki inaelekea bendera tu. Akapima pembe, akaiweka kwenye ordinatere, akabonyeza. Mtumbwi ukaenda kimshazari, pua juu, tumbo upande, mwendo wa kaa, ukafika.

 Mzee Assani akasema kama ni hivyo, anaruhusu, lakini kivukoni asimwone mtu anavuka namna ile mbele ya abiria.

Nyinyi mnaofundisha sasa, andikeni hili mahali. Siku ile ndipo nilipojua tunachofundisha. Nilidhani nafundisha mto, kumbe nafundisha mto ambao mtu ameuchagua: ameondoa kingo, ameondoa mawe, ameondoa viboko, akabakiza mishale miwili ili hesabu ipite. Mtoto akijua nini kimeondolewa, anaweza kukirudisha siku akikihitaji. Asipojua, atadhani ama kitabu kinadanganya ama baba yake ni mjinga, na yote mawili ni hasara.

Basi tulikuwa tumetulia hivyo barua ilipofika kutoka juu. Ilisema kwa maneno mengi yenye mhuri kwamba sehemu yoyote ya Hesabu na Fizikia isiyokuwa na maabara inayofanya kazi itafungwa mara moja, na wanafunzi wake wahamishiwe sehemu nyingine iliyo karibu. Kwetu hiyo nyingine ilikuwa ya Pedagojia, yaani ya ualimu. Fikirieni: Zaina na wenzake walikuwa wamebakiza muhula mmoja wafanye Egzeta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Wangeufanya katika saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundisha kuimba, masomo ambayo hawakuwahi kuyafungua. Wangeanguka wote kama mananasi yetu. Enspekta, mkaguzi wa shule, alikuwa njiani kuja kuthibitisha.

Prefe alisema tusiogope, maabara tunayo, ni ordinatere. Mimi nikasema ndiyo, tunayo. Kisha tukaanza kumwandalia mgeni mapokezi, na hapo ndipo tulipojichimbia shimo kwa jembe letu wenyewe.

Mnafahamu mgeni mkubwa anavyopokewa kwetu. Kibanda cha heshima, turubai refu juu yake, viti vya kuazima kwa pasta na kwa imamu kwa usawa ili pasiwe na maneno, kwaya ya akina mama, na juu ya yote, sono, yaani vyombo vya sauti. Hakuna enspekta anayepokewa bila spika. Akihutubiwa kwa mdomo mtupu ataona amedharauliwa, na ripoti yake itaonyesha. Tatizo ni kwamba sono ya kukodi ilikuja bila jenereta. Prefe akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaiangalia batri ya maabara.

Nilimwambia Bwana Prefe kwamba batri ile ndiyo maabara yenyewe. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu. “Mwalimu, mugeni anasikia kwanza, anaona nyuma. Asiposikia kitu, hata kuona hatataka.”

Siku yenyewe jua lilikataa kutoka, mawingu yakakaa juu ya mto kama yamelipwa. Enspekta akafika kwa pikipiki, suti ya rangi ya majivu, viatu vinang'aa kiasi kwamba kuku walijitazama ndani yake. Hotuba zikaanza. Prefe akasema. Mwakilishi wa chifu akasema. Pasta akaomba, imamu akaomba, na kwa kuwa pasta alikuwa ameomba kwa dakika nyingi zaidi, imamu akarudi kuomba tena. Kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua na moja isiyoijua. Mimi sikuwa nasikia lolote. Nilikuwa natazama ile taa ndogo ya batri: kijani, kisha njano. Na pembeni ya batri, nyaya zilikuwa zimeota kama magugu. Dereva wa pikipiki alikuwa anachaji simu. Mwenye sono anachaji simu. Enspekta mwenyewe alikuwa ametuma zake, mbili.

Mwishoni enspekta akasimama kujibu. Alitushukuru kwa ukarimu. Alisema shule nyingi bado zimelala, lakini yeye leo anaona kwa macho yake kwamba Nyangwe imeingia rasmi katika enzi ya, na hapo mikro ya kusemea ikafa. Hatukupata kujua ni enzi gani.

Tukaingia darasani. Enspekta akauliza maabara iko wapi. Nilimwonyesha ordinatere, nyeusi, kimya, inang'aa vizuri maana watoto walikuwa wameipangusa kwa mafuta ya mawese. Akauliza kama inafanya kazi. Prefe alinitazama mimi kana kwamba nimeila ile batri kwa wali. Nikasema inafanya kazi, ila kwa sasa imechoka kwa hotuba. Enspekta hakucheka. Alitoa kalamu mfukoni akaifungua, na kwenye benchi mbili za mbele niliona nyuso za watoto wangu zikikauka, kwa sababu kila mmoja alijua kalamu ile ikigusa karatasi mwaka wao umekwisha.

Zaina akasimama. Hakunyoosha mkono. “Bwana enspekta,” akasema, “ordinatere ndiyo iko imezimika. Simulasio haijazimika. Tunaomba tuifungulie nje.”

Enspekta alimtazama, akaitazama kalamu, akaifunga. Naamini hadi leo alitoka kwa sababu darasani kulikuwa na joto.

Nje, Zaina alifanya jambo ambalo mimi ningetafuta ruhusa wiki tatu kulifanya. Aliwaambia wenzake walishushe lile turubai kutoka kwenye kibanda cha heshima, huku pasta, imamu na mwakilishi wa chifu wakiwa bado wamekaa chini yake. Wakalitandaza uwanjani, refu, la buluu. Akachukua wanafunzi wa madarasa ya chini, waliokuwa bado kwenye mistari ya mapokezi, akawapanga mbele ya turubai walishike ncha yake. Akawaambia wao ni maji. Wakati akipiga kofi, wavute, waende mwendo mmoja, mdogo mdogo, wasikimbie. Upande mmoja wa turubai akaweka kiti cha imamu, kiwe bendera. Upande wa pili akasimama mwenzake, mvulana mmoja wa benchi ya nyuma. Yeye ndiye mtumbwi.

Akapiga kofi. Maji yakavuta, turubai likaanza kusogea kuelekea goli la chini, na yule mvulana akapanda juu yake, akatembea moja kwa moja kukielekea kiti. Alipofika ng'ambo, kiti kilikuwa mbali nyuma yake. Walirudisha turubai. Safari hii Zaina alichora pembe chini kwa kijiti, mvulana akageuza kifua kuelekea juu ya mto, akatembea kwa mwendo uleule, na akafika akakaa kwenye kiti cha imamu. Watu walipiga makofi. Mimi nilijifanya nakohoa.

Enspekta akauliza kama anaweza kujaribu. Aliuliza kwa upole ambao hatukuujua, kama mtoto anayeomba zamu. Akavua viatu. Akapanda kwenye turubai na suti yake, akakosea pembe, akateremshwa na maji ya darasa la kwanza mpaka karibu na goli, mikono hewani. Hatukujua kama kucheka ni kosa la jinai. Enspekta akageuka, akanyoosha kidole na kuamuru kwa sauti ya kazi:

“Rudisheni muto.”

Na Lualaba, kwa amri ya serikali, ukarudishwa nyuma. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote na sijawahi kuona nguvu kubwa kuliko ile. Aliurudisha mara nyingi. Kila akikosea alikuwa anasema maji yanavuta haraka mno, na maji yalikuwa yanakana. Mwishowe Mzee Assani, aliyekuwa amesimama na kamati yake, hakuweza kuvumilia. Alitembea kwenye nyasi pembeni mwa turubai, juu, juu, bila haraka, kisha akakanyaga turubai na kujiachia, akashushwa, akakaa kwenye kiti bila hata kugeuza kichwa.

Enspekta akasema hiyo ni kudanganya, simulasio haikusema kuna njia pembeni.

“Simulasio imeondoa kando ili hesabu ianze rahisi,” Zaina akamjibu. “Baba amerudisha kando. Hesabu yake iko vilevile, inakuwa tu na vipande viwili. Naweza kuziandika zote.”

Akaziandika, chini, kwa kijiti, uwanjani, na enspekta akachuchumaa bila viatu akizifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Aliuliza maswali ya kweli, na Zaina na wenzake wakayajibu, hata yule mvulana aliyekuwa mtumbwi. Alipoinuka magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo. Alituomba viatu vyake, simu zake mbili, na meza ya kuandikia. Akaandika kwamba maabara ipo na inafanya kazi. Sehemu ya Hesabu na Fizikia ikabaki. Muhula ulipokwisha, Zaina na wenzake wakaufanya mtihani wao, ule wao wenyewe, si wa nyimbo.

Ningependa niishie kwenye furaha hiyo, lakini nyinyi ni walimu na mnajua ripoti njema inavyoadhibiwa. Haukupita muda barua nyingine ikafika, nayo na mhuri. Ilitupongeza. Ilisema Nyangwe ni mfano wa kuigwa, kwa kuwa maabara yake ya kisasa haihitaji umeme. Kwa sababu hiyo pano, batri, projekta na ordinatere vitachukuliwa na kupelekwa shule nyingine ambayo bado haijajifunza kufanya kazi bila vyombo. Gari la shirika likaja na vumbi lake, likavipakia. Kijana wa kitambulisho akanipa mkono na kuniambia nimekuwa mwezeshaji wa kweli. Nikamuuliza kama anaweza kutuachia turubai. Akasema turubai halimo kwenye orodha yao, kwa hiyo ndiyo, tubaki nalo.

Basi kwa miaka yangu ya mwisho turubai lile lilikuwa mto, likawa barafu tukilipaka sabuni, likawa mstari wa namba, na siku za mvua likawa paa la jiko la Prefe, tukawa tunamwomba fizikia kwa zamu. Ordinatere ilikuwa nzuri, msidanganywe na wanaojifanya hawaihitaji. Chura yule namkumbuka hadi leo. Mkiletewa nyingine, ipokeeni kwa mikono miwili, na batri ilalieni siku ya mgeni.

Zaina sasa anafundisha hesabu Wamaza, huku akijiandaa kwenda chuo. Juzi, mbuzi wangu wa zawadi bado yuko kambani, simu ikalia. Nilisikia kelele za uwanja nyuma yake kabla sijasikia sauti yake.

“Mwalimu, nimepata turubai kwa watu wa soko. Lakini maji iko inakataa kazi. Wote wanataka kuwa mutumbwi, hakuna anayetaka kuvuta.”

Nilimuuliza wamebaki wangapi upande wa kuvuta. Akasema hakuna hata mmoja, wote wamejipanga kwenye foleni ya kuvuka, wanasukumana, na kengele iko karibu kulia.

“Basi vua viatu, mama,” nikamwambia. “Shika ncha uvute wewe.”

 Nikasikia simu ikiwekwa chini kwenye nyasi bila kukatwa, kofi likapigwa, na turubai likaanza kukwaruza ardhi.